Tenki limebabuka baada ya sevisi, duka linasema ni jua

Mtu wa Chanika:
Wakuu, naomba mawazo. Jumamosi nilipeleka pikipiki sevisi palepale nilipoinunua, hapa Dar. Ni ya cc 150, mbele ina diski, rangi damu ya mzee, ina miezi saba tu. Mimi ni mtunza maabara wa shule, nimeikusanyia hela miaka miwili ili niache kugombania daladala alfajiri kutoka Chanika hadi Buguruni. Kila Jumapili naiosha mwenyewe, mwanangu ananishikia ndoo.

Niliichukua saa kumi na mbili jioni, giza linaingia. Nikalipa, nikaondoka. Asubuhi naiosha, naona upande wa kulia wa tenki rangi imevimba na kujikunja kama utando wa maziwa yaliyopoa, michirizi miwili kutoka karibu na usukani kuteremka hadi kwenye siti. Ukipitisha ukucha inabanduka. Mwanangu ndiye aliyeanza kuuliza, "Baba, nani kaichoma?"

Jumatatu nikarudi. Meneja akatupia jicho, akasema ni jua, na kwamba nikishatoka getini hawahusiki. Imeniuma sana. Nidai nini, na kwa ushahidi gani?

Mpiga rangi, Gerezani:
Pole sana ndugu yangu. Jua halifanyi hivyo. Jua linapausha taratibu, tena kila mahali palipo wazi, halichori michirizi miwili kwa usiku mmoja. Hayo ni mafuta ya breki. Kikombe chake kiko mkono wa kulia. Ukikata usukani kulia hadi mwisho, kinasogea kuelekea tenki. Fundi akimimina bila kutandika kitambaa, yanadondokea hapohapo ulipopataja.

DOT 3 na DOT 4, aina za mafuta hayo, zinakula rangi. Anayejua kazi anamwagia maji mengi papo hapo, maana mafuta hayo yanachanganyika na maji. Asiyejua anapitisha tambara kavu, anayasambaza, halafu yanaendelea kula wakati wewe umelala. Tazama risiti kama wameandika kubadili mafuta ya breki. Na kabla ya rangi, kaza breki ya mbele: ikiwa laini kama sponji, ina hewa ndani, usiipande.

Mtu wa Chanika:
Mkuu, ipo! "Mafuta ya breki DOT 4", mstari wa tatu. Na skrubu mbili za kifuniko cha kikombe zina mikwaruzo mipya. Breki iko ngumu, nashukuru Mungu.

Dada Pikipiki, Dodoma:
Kaka, basi risiti yao wenyewe ndiyo shahidi wako. Piga picha mchana, moja ya karibu na moja inayoonyesha kikombe na michirizi pamoja. Andika barua fupi, nakala mbili, wakugongee muhuri wa kupokea na tarehe. Maneno ya mdomo yatakuchelewesha. Wakikataa, peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC). Kumlinda mlaji ni kazi yake chini ya sheria ya mwaka 2003. Ikishindikana, Mahakama ya Mwanzo unaweza kufungua madai bila wakili.

Ila usikubali "tutakupulizia kidogo hapo". Mimi nilikubali. Walipuliza rangi nyepesi isiyo na hadina (dawa ya kuikomaza rangi), wiki ya pili petroli ikamwagika sheli, rangi ikayeyuka yote mpaka kwenye bati. Nililia pale sheli.

Mpiga rangi, Gerezani:
Dada kasema kweli. Dai tenki jipya, au lililopo livuliwe, lisafishwe hadi bati, lipigwe 2K (rangi ya kuchanganywa na hadina) lote pamoja na klia, ile rangi angavu ya juu, yenye hadina. Kiraka kwenye damu ya mzee huonekana kwa urahisi. Stika wanunue mpya, zibandikwe kabla ya klia.

Mtu wa Chanika:
Mrejesho. Nimekwenda leo na barua, picha na risiti. Meneja aliposoma ule mstari wa tatu alimwita fundi, kijana mdogo. Kakiri kwamba yalimwagika na alifuta kwa tambara, hakujua habari ya maji. Sikutaka afukuzwe, nikalisema hilo mbele ya bosi wake. Wameagiza tenki jipya na wameandika kwenye nakala yangu, siku kumi na nne, kwa gharama yao. Jumapili hii naosha magurudumu tu, tenki nimelifunika kanga ya mke wangu.