Kibano, glavu au bomba: tunahamishaje panya wasio na kinga bila kuwaambukiza?

BintShela (Malindi):
Habari zenu wana maabara. Chumba chetu cha panya hapa Malindi kimekamilika, na tutaanza na panya uchi, wale waliozaliwa bila tezi ya thaimasi, kinga yao ni dhaifu mno. Vizimba vina kifuniko cha chujio na vitafunguliwa ndani ya kabati la hewa safi tu. Hilo tumekubaliana. Ubishi uko siku ya kubadilisha maranda: panya atoke kizimba kichafu aingie kisafi kwa njia gani? Kuna wanaotaka kibano cha kuchovya kwenye dawa. Wengine wanasema glavu zatosha, unapuliza spiriti unaendelea. Mimi moyo wangu uko kwenye bomba: panya anaingia mwenyewe, unambeba nalo. Aliyetumia njia zote anisaidie.

FundiVizimba (Nairobi):
Dada, kibano. Weka viwili: kimoja kiloe kwenye dawa wakati unatumia kingine, hivyo kila kimoja kinapata muda wake wote. Ncha zivishwe mpira, na ushike mkia karibu na shina, kwa sababu ngozi ya ncha ya mkia huchunika. Kidole chako hakimgusi mnyama. Ukiwa na rafu nzima ya kumaliza kabla ya adhuhuri, hakuna njia ya haraka kuliko hii.

DktMifugo (Mombasa):
Kwa kasi nakubaliana na Fundi. Ila mwaka 2010 Jane Hurst na Rebecca West wa Chuo Kikuu cha Liverpool walionyesha kwamba panya wanaoinuliwa kwa mkia humkwepa anayewashika, na huonyesha wasiwasi zaidi kwenye vipimo kuliko wanaobebwa kwa bomba au kwa viganja. Hofu hiyo hupandisha homoni, na homoni hizo hugusa sukari ya damu na kinga, yaani vitu vile vile mtafiti anavyotaka kupima.

Glavu na spiriti ndizo zinazonitisha kwa panya uchi. Kuna bakteria aitwaye *Corynebacterium bovis*. Panya wa kawaida anaweza kumbeba bila dalili kubwa, lakini panya uchi ngozi yake hufanya magamba meupe na mnyama hudhoofika. Bakteria huyu akishaingia chumbani kumtoa ni kazi kubwa mno, na njia yake kuu ni ngozi kwa ngozi, maranda, na glavu zilizotoka kizimba kimoja kwenda kingine. Ethanoli ya asilimia 70, yaani hiyo spiriti, hukauka upesi kabla haijafanya kazi yake. Spora, yaani bakteria waliojifunga kwenye ganda gumu, haiziui, mayai ya minyoo ya panya haiyaui, na kwa virusi wasio na utando kama parvo ni dhaifu. Atakayetumia glavu abadilishe jozi ya nje kila kizimba, au azilowanishe kwa dawa inayoua spora, kama klorini dioksaidi, kwa muda ulioandikwa kwenye chupa.

BintShela:
Ahsante Daktari. Lakini bomba moja likizunguka vizimba vyote si litakuwa kama zile glavu?

DktMifugo:
Ndiyo, tena baya zaidi, kwa sababu ndani halifikiki kwa urahisi. Kila kizimba kiwe na bomba lake, likae humo humo. Panya hulala ndani yake, hivyo halimshtui. Siku ya kubadilisha unalilaza kando ya ukuta wa kizimba, unamsukuma taratibu kwa kiganja kutoka nyuma, akishaingia unaziba ncha zote mbili na kuinua. Kwenye kizimba kipya liinamishe kidogo atoke mwenyewe kwa nyuma. Usimkung'ute.

HadwareMalindi:
Hayo mabomba si ya kuagiza mbali. PVC ya inchi mbili ipo hapa mjini, unakata vipande vya kiganja kimoja na nusu.

MhandisiMvuke (Mombasa):
Kaka, kipenyo ni sawa, plastiki ndiyo haifai. PVC hulegea kwenye nyuzi 80 hivi, na otoklevu, mashine ya kutakasa kwa mvuke, ni nyuzi 121. Akriliki nayo itapinda. Polikabonati huvumilia, ingawa baada ya mizunguko mingi hupoteza uangavu na kupata nyufa, na nyufa ni maficho. Kwa chumba kidogo ningechukua mabomba ya kadibodi: yatakase, yatumie, yatupe.

Yapange yakiwa wazi pande zote mbili ili mvuke usukume hewa nje. Mfuko wa karatasi wenye mabomba ukitoka umelowa usiuweke stoo, maana karatasi mbichi hupitisha vijidudu, na unyevu wa hapo kwenu haukaushi kitu. Ule utepe unaobadilika rangi unakuambia joto limefika kwenye utepe, basi. Kujua kama katikati ya mzigo pametakasika, tia kichupa cha spora za *Geobacillus stearothermophilus*, bakteria sugu kwa joto: spora zake zikifa, mvuke umefika. Na usijaze otoklevu maji ya kisima; ya huko yana chumvi na chokaa ya matumbawe. Tumia yaliyokenekwa.

MlamuMaabara (Lamu):
Umeme ukikatika kizimba kiko wazi kabatini?

MhandisiMvuke:
Feni ikisimama, ukuta wa hewa umeondoka. Rudisha kifuniko papo hapo, toa mikono. Umeme ukirudi acha kabati livume dakika kadhaa, pangusa meza, vaa glavu mpya. Hapa ndipo vizimba vya chujio vinapowafaa kuliko vile vya kupulizwa hewa kwa mashine: hivi vya pili, mashine ikizimika, hewa chafu hujaa ndani. Mtakachokosa ni kiyoyozi. Panya hawa hutunzwa kwenye nyuzi 20 hadi 26, kwa hiyo jenereta ibebe kiyoyozi na kabati kwanza, kompyuta baadaye.

FundiVizimba:
Daktari, kwa panya uchi nimekubali bomba. Kibano msikiondoe lakini: aliyetoroka juu ya meza hamtamngoja aingie bombani. Na mpangilio wa siku ni huo huo kwa kila njia: anzeni na panya uchi asubuhi mkiwa mmetoka kuoga na kuvaa upya, halafu wenye kinga. Ukishagusa hao wa pili, usirudi kwa wa kwanza hadi kesho.

BintShela:
Basi naandika kadibodi kwenye ombi la vifaa, na vibano viwili vilale kwenye dawa kabatini. MhandisiMvuke, hivyo vichupa vya spora vinahitaji friji, au vyakaa kwenye joto la chumba?