Tupeane uzoefu: endometriosisi, "chango" lisilosikia dawa ya chango

Mwanzisha mada
Dada zangu, tuweke hapa yanayosaidia kweli, tusiishie kwenye pole. Endometriosisi ni tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba, ila huota nje yake: kwenye ovari, kibofu, hata utumbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria wanaougua ni milioni 190, karibu 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Mtaani bado linaitwa chango, na binti anaambiwa "ukizaa litaisha". Kuzaa si tiba yake. Karibuni.

Nesi wa Zamu
Anza na daftari la miezi mitatu. Ukisema "linauma sana", daktari hana cha kuandika kwenye faili. Mstari wa siku moja uwe hivi: "Siku ya 2. Maumivu 8 kati ya 10, nyonga ya kushoto hadi pajani. Choo kikubwa kinachoma. Pedi 6. Vidonge 3. Nimeacha kazi saa 5 asubuhi."

Maumivu ya tendo la ndoa yaandike pia, usione haya. Hayo na yale ya choo wakati wa hedhi humfanya daktari afikirie zaidi ya UTI. Wengi humezeshwa antibayotiki mwaka mzima ilhali mkojo ukioteshwa maabara hauoti kitu. Ukiona hivyo, toa daftari, umwoneshe jinsi maumivu yanavyofuata tarehe.

Mtu wa Picha
Altrasaundi ikiandikwa "kawaida", suala halijafungwa. Inaona uvimbe wa ovari uliojaa damu nzito ya rangi ya chokoleti. Madoa ya milimita chache kwenye utando wa tumbo kwa kawaida haiyaoni. Ile ya ukeni huona zaidi ya ile ya juu ya tumbo, na MRI (picha ya mashine ya sumaku) husaidia ugonjwa ukiwa umezama ndani.

Laparoskopia ni upasuaji unaopitisha kamera kwenye tundu dogo kitovuni. Kabla ya kusaini, uliza: "Ukiyakuta utayaondoa hapohapo, au utaangalia tu?" Wengi hupasuliwa mara mbili kwa kutouliza hilo. Tena mwongozo wa Ulaya wa endometriosisi wa 2022 unaruhusu kuanza dawa za homoni kwa kufuata dalili, bila kusubiri upasuaji. Kipimo cha damu cha CA-125 kisikumalizie hela. Hupanda kwa sababu nyingi, na kikiwa chini hakikanushi ugonjwa.

Mfamasia
Kosa kubwa ni kusubiri maumivu yapande ndipo umeze. Ibuprofeni huzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoukaza mji wa mimba, zikishatengenezwa, umechelewa. Anza dalili ya kwanza tu: miligramu 400 kila baada ya saa 8, ukiwa umekula. Usiichanganye na diklofenaki, ni ndugu mmoja. Mwenye vidonda vya tumbo, figo au pumu aulize kwanza.

Vidonge vya uzazi wa mpango: daktari akikubali, ruka vile 7 vya kahawia vya madini ya chuma, uanze pakiti mpya. Hedhi isipokuja, na maumivu yake hupungua. Mwenye presha au kipandauso cha kuona vimulimuli asiguse vyenye homoni ya estrojeni. Zipo dawa za homoni ya projestini pekee, kama dienojesti miligramu 2 kwa siku.

Na maji ya moto ya kukandia tumbo, jamani: chupa ya soda hulegea ikitiwa maji yanayochemka, inavuja pajani. Tumia mfuko wa mpira, uuviringishie kanga.

Katibu wa Tawi
Upande wa kazi. Tanzania, likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika miezi 36: 63 za mwanzo mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Kenya, ukishatumikia miezi miwili mfululizo, ni angalau siku 7 kamili na 7 za nusu kwa mwaka. Zote zinahitaji cheti cha daktari. Mwombe aandike kuwa ni ugonjwa sugu unaorudi kila mwezi. Vinginevyo kila cheti kitasomwa kama uvivu mpya.

Nesi wa Zamu
Nyongeza. Marehemu Njambi Koikai, mtangazaji wa Kenya aliyefariki Juni 2024, alikuwa na endometriosisi ya kifuani. Hiyo huweza kulisinyaza pafu, mara nyingi la kulia, siku za hedhi. Ukibanwa kifua, bega la kulia likiuma au ukikohoa damu siku hizo, nenda dharura usiku huohuo, na kabla hawajaandika "pumu", watajie tarehe hedhi ilipoanza.