AMCOS ya tumbaku na alama za akili mnemba kwenye mkopo wa pembejeo: tuipimeje programu kabla ya kusaini?

mjumbe_urambo:
Wakuu, heshima kwenu. AMCOS yetu (chama cha ushirika cha wakulima) huku Urambo imeletewa programu ya akili mnemba inayompa kila mwanachama alama kuanzia 0 hadi 100. Chini ya 50, hakuna mbolea wala dawa kwa mkopo. Kampuni inadai usahihi wa asilimia 90. Inataka leja zetu (vitabu vya hesabu za wanachama) za misimu mitano, namba za simu, na ruhusa ya kusoma miamala ya wanachama. Tuko 400, wanawake 70. Je, tunaweza kuipima wenyewe, na tuwabane kwa maswali gani?

takwimu_tabora:
Mkuu, hiyo 90 peke yake haina maana. Kama kwenu wanachama 90 kati ya 100 humaliza deni, programu inayosema "apewe" kwa kila mtu bila kusoma chochote nayo itakuwa na usahihi wa asilimia 90. Dai hesabu mbili tofauti: kati ya waliolipa, ingewanyima wangapi, na kati ya walioshindwa, ingewapa wangapi. Ile ya kwanza itazameni kwa macho makali zaidi. Aliyenyimwa pembejeo kimakosa hana tumbaku ya kuuza, hivyo hana namna ya kuonyesha kwamba angelipa. Kosa halitaonekana kwenye kumbukumbu, na msimu ujao programu itamnyima tena.

Kuipima mnaweza. Wapeni leja za misimu minne tu, wa tano mbaki nao. Majina yafutwe, kila mwanachama awe na namba, na orodha ya namba na majina ibaki kwenye kabati la chama. Programu itoe alama za msimu wa tano, kisha nyie mzilinganishe na malipo halisi. Excel inatosha.

Halafu gaweni kwa makundi. Tuseme waliolipa ni 360, wanaume 300 na wanawake 60. Programu ingewanyima wanaume 30 na wanawake 18. Kwa jumla ni 48, yaani kama asilimia 13, na kampuni itasema ni kidogo. Lakini kwa wanaume ni asilimia 10, kwa wanawake 30. Fanyeni hivyo pia kwa kila kijiji, kwa wanachama wapya, na kwa wasio na simu janja. Kundi likiwa na watu 12, mtu mmoja tu ni zaidi ya asilimia 8, kwa hiyo hapo achaneni na asilimia, fungueni faili la kila mmoja.

mkaguzi_ushirika:
Naongezea jambo ambalo kwenye tumbaku ni kubwa kuliko programu yenyewe: leja. Wakulima wenu wanadhaminiana. Mtu kauza marobota yake yote ya tumbaku, deni lake limeisha, lakini anakatwa deni la mwenzake aliyeshindwa, na kwenye leja anabaki na salio hasi. Kompyuta haijui udhamini, inaona mdaiwa. Ukiifundisha kwa leja ya namna hiyo, itawaadhibu walipaji wazuri waliokaa kundi moja na wabovu, na itafanya hivyo kijiji kizima.

Kabla ya kumpa mtu yeyote leja, ongezeni safu tatu: deni lake mwenyewe, makato ya udhamini, na sababu iliyo nje ya uwezo wake, kama mvua ya mawe au mbolea iliyofika miche ikiwa imeshapandwa muda mrefu. Kazi hiyo inachosha na hakuna wa kuwafanyia. Angalieni pia tumbaku iliyouzwa kwa jina la mtu mwingine. Mke analima, robota linapimwa kwa namba ya mume. Kwenye kumbukumbu huyo mama hajawahi kuzalisha kilo hata moja.

Kupima kitu kisicho sahihi kumeumiza watu hata kwenye mifumo mikubwa. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu programu ya hospitali za Marekani iliyochagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Ilikisia gharama za matibabu badala ya ugonjwa. Wagonjwa Weusi walikuwa wakigharimiwa kidogo kwa ugonjwa uleule, hivyo ilibidi wazidi kuugua ndipo wapate alama sawa na Weupe. Watafiti walikadiria kwamba bila dosari hiyo, sehemu ya Weusi kati ya waliostahili uangalizi ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Kwa hiyo waulizeni hao jamaa: programu inakisia nini hasa? Mkulima kushindwa kulipa, au leja kuonyesha salio?

mjumbe_urambo:
Nashukuru sana wakuu, hilo la udhamini lipo kwetu kabisa. Wao wanasema safu ya jinsia wameiondoa, kwa hiyo ubaguzi hauwezekani.

takwimu_tabora:
Unawezekana sana. Jinsia inajionyesha kwenye ukubwa wa shamba, kwenye simu inayotumiwa na watu wawili, kwenye kiasi cha miamala. Programu isipewe safu hiyo, sawa, lakini nyie mbaki nayo kwenye faili lenu. Bila hiyo hamwezi kufanya ule mgawanyo niliouandika juu, na hakuna atakayeuona ubaguzi.

sheria_kigoma:
Kutoka Kigoma, upande wa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa awe amesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ombeni cheti cha kampuni, na angalieni usajili wa chama chenu pia. Miamala ya fedha ya mtu ni taarifa nyeti. Ridhaa ya kidole gumba kwenye fomu ya Kiingereza siitegemei hata kidogo: isomwe mkutanoni kwa Kiswahili, kwa wazee kwa Kinyamwezi au Kisukuma, na asiyekubali asikose mkopo kwa sababu hiyo. Kwa maoni yangu miamala ya simu waikose kabisa, leja inatosha.

Sheria hiyo pia inampa mtu haki ya kutaka uamuzi unaomgusa kwa uzito usifanywe na mashine peke yake. Hivyo kwenye mkataba iandikwe: alama ni ushauri, bodi ndiyo inayoamua, anayenyimwa anapewa sababu kwa maandishi, na anakata rufaa kwa watu ambao hawakukaa kwenye uamuzi wa kwanza. Wekeni tarehe. Rufaa inayosikilizwa mbolea ikiwa imeshagawiwa haimsaidii mtu. Mahali taarifa zinapotunzwa patajwe, maana kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake, na zifutwe mkataba ukiisha.

mkaguzi_ushirika:
Na msimu wa kwanza isiamue chochote. Bodi igawe mikopo kwa utaratibu wa kawaida, alama zichapishwe, zifungwe kwenye bahasha zenye saini na zikae kwa Afisa Ushirika wa wilaya. Soko likifunga mzifungue na kulinganisha. Kampuni ikikataa sharti hilo, msisaini.