Naomba ushauri: mama, ini lenye mafuta na vidonge vya chai ya kijani

Assalam alaykum ndugu zangu. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Mama ana miaka 61. Daktari amemwambia ini lake lina mafuta na kolesteroli imepanda, akampa statini, dawa ya kushusha kolesteroli. Sasa binamu yangu wa Malindi amemletea kopo la vidonge vya chai ya kijani, kila kimoja miligramu 400 za EGCG (aina ya polifenoli, kemikali ya asili iliyo kwenye chai hiyo), ameze viwili kwa siku.

Nimesoma kuwa polifenoli hiyo huzuia kimeng'enya cha kongosho kinachovunja mafuta ya chakula, na kwenye seli za maabara huchochea mafuta yachomwe. Lakini mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kuwa miligramu 800 kwa siku au zaidi, zikitoka kwenye vidonge, zinaweza kupandisha vimeng'enya vya ini kwenye damu, ishara ya ini kuumia. Ndiyo hesabu ya mama hasa! Jana nimelificha kopo nyuma ya mtungi. Amenuna mpaka leo.

Chai ya kikombe sina wasiwasi nayo. Kuna aliyewahi kumeza vidonge hivi pamoja na statini? Akapimwe damu kwanza? Na nimwambieje bila kumvunjia heshima, maana wali wa nazi nao nimeshampunguzia?