Mnagawa laptopu za shule zikiwa wazi, mtoto akikutwa na uchafu mnamchapa yeye

Wakuu, hili lazima lisemwe bila kumung'unya maneno.

Laptopu zinafika shuleni, wageni wanapiga picha, hati ya makabidhiano inasainiwa. Hati inahesabu mashine, chaja, mabegi na panya. Kichujio cha intaneti hakimo. Nani anashika nywila ya msimamizi, hakuna aliyeuliza. Baadaye mtoto wa darasa la sita anakutwa na video za ngono, fimbo inatembea, wazazi wanaitwa, na aliyesaini hati hata haulizwi.

Msiseme hili ni jipya. Mwaka 2007 huko Abuja, Nigeria, laptopu za majaribio za One Laptop per Child, mradi wa kuwapa watoto laptopu za bei nafuu, zilikutwa na picha za ngono zilizopakuliwa na wanafunzi. Wahusika wakatangaza kuweka vichujio baada ya aibu. Hapa Dodoma mashine bado zinakabidhiwa bila hata swali hilo kuulizwa.

Kosa la kwanza ni akaunti. Laptopu inakuja na akaunti moja, ndiyo ya msimamizi, na nywila imebandikwa chini ya mashine kwa karatasi ya gundi. Mtoto mwenye akaunti hiyo anaondoa kichujio chochote utakachoweka. Fungua akaunti mbili: ya mwalimu wa TEHAMA yenye mamlaka yote, na ya mwanafunzi ya kawaida isiyo na ruhusa ya kubadili mipangilio. Kisha weka nywila kwenye BIOS (mipangilio inayofunguka kabla Windows haijawaka) na uzuie mashine kuwaka kutoka kwenye flashi. Usipofanya hivyo, flashi moja yenye Linux inapita juu ya kazi yako yote.

La pili ni DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba, na hapa hata mafundi wanaharibu. Huduma ya bure ya Cloudflare ina namba zinazofanana: 1.1.1.1 haichuji kitu, 1.1.1.2 inazuia tovuti zenye virusi tu, 1.1.1.3 ndiyo inayozuia virusi na ngono. Fundi anaweka 1.1.1.2, anaandika "kichujio kimewekwa", analipwa, anaondoka. Weka 1.1.1.3, na ya akiba iwe 1.0.0.3. Ukiweka ya akiba ya aina nyingine, maombi yatapitia huko na kichujio kitakuwa jina tu. Kwenye ruta ya MikroTik ongeza kanuni ya NAT inayorudisha kwenye ruta kila ombi la mlango 53 (ndio wa DNS), UDP na TCP zote mbili, ili mtoto asikimbilie DNS nyingine. Na badilisha nywila ya ruta! Ile iliyotoka nayo kiwandani imeandikwa mgongoni mwake, na watoto wanajua kusoma.

Ila ruta ya shule inalinda ndani ya uzio tu. Laptopu ikienda nyumbani Nkuhungu au Chamwino, mtoto anaunga hotspoti ya simu ya dada yake, na kichujio chenu kimebaki shuleni. Kwa hiyo kufuli lazima liwe ndani ya mashine yenyewe. Kwenye Windows 10 fungua ncpa.cpl (dirisha la miunganisho ya mtandao), uandike DNS hiyo hiyo kwenye kadi ya Wi-Fi; akaunti ya mwanafunzi haiwezi kuibadili. Hapo pia pana tundu: akichomeka simu kwa waya, Windows inaiona kama kadi nyingine ya mtandao yenye DNS yake.

Ndiyo maana kivinjari nacho kinafungwa kwa sera. Kwa Chrome zinaandikwa kwenye rejista, HKLM\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome: DnsOverHttpsMode iwe off (kivinjari kisitumie DNS yake chenyewe), IncognitoModeAvailability iwe 1 (dirisha la siri lisifunguke), BrowserGuestModeEnabled iwe 0 (asiingie kama mgeni), na ExtensionInstallBlocklist iwe na nyota (*) ili asiongeze kiendelezi cha VPN cha kukwepa kichujio. Kwa shule ya msingi nenda mbali zaidi: URLBlocklist weka nyota (tovuti zote zifungwe), halafu URLAllowlist utaje tovuti za masomo tu. Fungua chrome://policy uone kama zimeshika. Kisha rudia kwa Edge, kivinjari kinachokuja na Windows, maana wengi wanafunga Chrome na kuiacha Edge wazi kwenye mashine hiyo hiyo. Zuia pia programu kuendeshwa kutoka kwenye flashi, vinginevyo ataleta kivinjari chake mfukoni.

Nusu saa kwa mashine, kwa anayejua. Leseni haihitajiki, programu hainunuliwi.

Kama hakuna wa kusimamia haya, basi msiunge intaneti kabisa. Kolibri na Kiwix zinafanya kazi bila bando: masomo na Wikipedia vinawekwa kwenye kompyuta moja, watoto wanavisoma kwa Wi-Fi ya ndani.

Na kichujio hakioni mazungumzo. Mtu mzima anayemwandikia mtoto kwenye Telegram anapita 1.1.1.3 kama hakuna kitu, kwa sababu Telegram si tovuti ya ngono. Hapo linahitajika jicho. Madawati yapangwe vioo vikitazama katikati ya chumba, mwalimu avione vyote kwa kugeuka mara moja. Liwepo daftari la namba ya mashine, jina la mtoto, saa ya kuchukua na kurudisha. Mtoto akitumiwa picha au akitishwa, msifute kitu: simu 116, ya msaada kwa mtoto, haina malipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, lakini ushahidi uliofutwa kwa hasira ya mwalimu haumsaidii mtu.

Kamati za shule, kabla ya kusaini mnakotaka kusaini, washeni mashine moja mbele ya wageni hao hao. Ingieni kwa akaunti ya mwanafunzi, ungeni hotspoti ya simu, mjaribu kubadili DNS na kufungua dirisha la siri. Likifunguka, rudisheni shehena nzima na muandike sababu kwenye hati.