Maji ya kunywa ya mabaharia, wewe unaoshea miguu? Tena mbele yetu?

Kishwara (mwenye uzi)

Wadau, nimefika nyumbani Lamu sasa hivi. Sijala, sijaoga, viganja vimejaa malengelenge hata ngumi haikunjiki, lakini uzi huu lazima niufungue kabla damu haijapoa. Mtu mwenyewe mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule mwenye kofia. Yule anayekohoa kwanza ndipo atoe amri. Aliyejipa ukuu wa msafara na hakuna aliyemchagua.

Aliosha miguu kwa maji yetu ya kunywa.

Safari yenyewe ilikuwa ya klabu, kuteremka mto Tana na mashua za makasia kutoka juu ya Kau mpaka Kipini. Si mashindano, hakuna kikombe. Watu mnapiga kasia, mnaimba, mnasimama kivulini mnakula embe, mnafika jioni mnapokewa. Tulipatana tuondoke maji yakianza kupwa ili tushuke nayo. Wazee wa pale walituambia, vijana tukaelewa, hata watoto waliokuja kututazama walielewa. Yeye akawa anangoja simu yake ijae chaji. Tukakaa. Maji yakapwa yakaisha bila sisi. Tulipong'oa nanga, bahari ilikuwa inapanda mtoni na tukaipata usoni, kila kasia unavuta kama unang'oa mbuyu. Jua la utosi, upepo hakuna, koo zimekauka hata nyimbo zikakatika.

Na maji ya kunywa ni mtungi mmoja wa lita 20 kwa mashua nzima. Huko chini huwezi kuteka mtoni ukanywa. Juu ni tope tupu, na ukikaribia Kipini bahari ikijaa ni chumvi. Kwa hiyo ule mtungi ndio roho zetu.

Sasa sikilizeni. Tukagusa ukingo, bwana mkubwa akashuka kwenye mikoko kupiga picha. Akarudi ana tope hadi magotini. Mto uko hapo! Mto mrefu kuliko yote Kenya, kama kilomita 1,000, maji yametoka Aberdare na Mlima Kenya, yamepita mabwawa yote, yamepita Garissa, yamepita Garsen, yamekuja kumpitia yeye chini ya ubavu wa mashua. Anainama tu. Hakuinama. Alinyoosha mkono akavuta mtungi.

Akafungua kizibo. Akamimina. Mguu wa kulia. Akasugua kisigino kwa kiganja. Kisha akapenyeza kidole cha shahada katikati ya vidole vya mguu, kimoja kimoja, taratibu, anatoa tope analipangusa kwenye ubao. Akainua unyayo akautazama. Haukumridhisha. AKAMIMINA TENA.

Na mnajua mpiga kasia anavyokaa: mgongo omo, mbele ya mashua, uso tezi, nyuma yake. Na tezini, penye usukani, ndiko alikokaa yeye. Sote tulikuwa tunamtazama. Hakuna aliyepata pa kugeuzia macho.

Kijana wetu mdogo akamwambia kwa adabu, "Ami, hayo ni ya kunywa." Akajibu, "Mto una mamba, mimi siwezi kutia mguu humo." Dakika hiyo hiyo tukakwama kwenye fungu la mchanga, akamwamuru yule yule kijana ashuke kiunoni akasukume mashua.

Mguu wa kushoto nao akaumaliza.

---

BintiMkomani

Subhanallah. Katikati ya vidole? Halafu akaufunga mtungi?

Kishwara

HAKUUFUNGA. Alinipa mtungi wazi, kizibo akakitia mfukoni. Ninacho kiu cha leo mpaka mwakani.

FundiDau

Namjua huyo. Alikuja kiwandani kwangu kuniambia kalafati yangu, ile pamba ninayozibia nafasi za mbao, haifai, na huku ameketi juu yake.

Upo na Ngama

Wallahi mayi ya kunwa kuoshea maguu! Watu wangamtosa.

MzeeMakafi

Kijana, umetuandikia gazeti zima kwa ajili ya miguu ya mtu. Babu zetu walipakia boriti za mikoko hapo hapo Lamu wakaenda nazo mpaka Arabuni, maji ya tangi yana wadudu, na hatukusikia wakilia. Nyinyi mmetoka Kau kwenda Kipini, mwendo wa kwenda kununua samaki, mnataka tuwafanyie matanga. Kwani mikono yako ilikuwa imefungwa? Mtungi hukuweza kumpokonya?

Kishwara

Mzee wangu, shikamoo. Mikono yangu ilikuwa kwenye kasia, na kasia nikiliachia kwenye mkondo ule mashua inageuka ubavu inaingia mikokoni. Yeye ndiye aliyekuwa na mikono mitupu. Mkono mmoja mtungi, mkono mmoja kisigino. Na hao babu zetu, nionyeshe nahodha mmoja aliyeoshea miguu maji ya tangi akafika Arabuni mzima.

MwanaKipini

Pole sana ndugu, mlifika mmekauka, niliwaona. Lakini rekebisha, huo mlioshuka ni Ozi. Tana ni huko juu.

Mwalimu wa Zamu

Ni Tana hiyo hiyo. Ozi ulikuwa mto mdogo wa peke yake, na Tana ilikuwa ikiingia baharini kusini zaidi. Karne ya 19 ukachimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha mito miwili ili mashua za nafaka zipite. Mto nao ukaona njia fupi, ukaupanua mfereji, ukahamia. Ndiyo maana leo Tana inatokea Kipini.

MwanaKipini

Mwalimu, mfereji naujua, nimezaliwa huku. Lakini nenda kwa bibi yangu umwambie anaishi kando ya Tana, uone kama utapewa uji.

Mwalimu wa Zamu

Ramani haiulizi bibi.

MwanaKipini

Usimtaje bibi yangu.

Kishwara

JAMANI. Mto uwe Ozi, uwe Tana, uwe Nile, maji yalikuwepo tele na hakuyagusa! Aligusa mtungi! Rudini kwenye miguu.

Kasa Mzee

Mamba lakini wapo kweli. Na viboko. Mimi nisingetia mguu.

Kishwara

Basi usiuoshe! Kaa na tope lako mpaka Kipini kama sisi sote tulivyokaa na letu! Na upo, kile chombo cha kutekea maji yaliyoingia mashuani, ulikuwepo miguuni pake, angeteka maji ya mto kwa upo asiguse hata wimbi. Upo upande huu, mtungi upande huu. Akachagua mtungi.

Msabaki

Nyinyi wa Lamu mna raha zenu. Mto wenu una kina, una mikoko, una watu wa kuwapokea na chai. Njooni Malindi mshuke Sabaki. Kiangazi mashua unaibeba wewe, haikubebi. Mvua zikinyesha huko juu, unakoitwa Athi, udongo wa mashamba ya watu wote unashuka kwetu, bahari inakuwa nyekundu mpaka mbele ya nguzo ya Vasco da Gama. Mdomo wa mto nao unahama, jana ulipita hapa leo kuna mchanga. Na pamoja na hayo yote, klabu yetu ina mtu aliazima makasia mapya ya mvule kwa siku moja. Tumeenda kwake tumeyakuta ni nguzo za banda la kuku. Ameyakata.

BintiMkomani

Ameyakata???

Msabaki

Kwa msumeno. Na kuku wenyewe wanalala juu ya kafi, wamelichafua lote. Anatuambia "nitawapa mayai." Haya niambieni, miguu na makasia, nani ameonewa?

FundiDau

Makasia. Bila kubisha. Mvule siku hizi unajua bei yake?

Upo na Ngama

Makasia.

Kishwara

Kasia unachonga jingine. Koo langu mimi ni moja, na nimelala macho nikiona kile kidole kikiingia na kutoka.

MzeeMakafi

Umelala saa ngapi wewe, si umesema umefika sasa hivi?

Kishwara

Kwenye boti ya kurudi, mzee! Nilifumba macho kidogo tu nikamwona anamimina!

Upepo wa Kusi

Samahani kuingilia, lakini kwa kuwa tumefika kwenye maji ya kunywa: hapa Langoni kuna punda wa jirani amejua saa ninayotoa ndoo nje. Nikigeuka kufunga mlango, amekwisha kutia pua. Nimezungumza na mwenyewe, anasema punda ni mnyama, hana akili. Mbona ana akili ya kujua saa?

BintiMkomani

Yule mwenye sikio lililochanika? Amekula ukili wangu wote niliouanika, nimebakiwa na mkeka nusu.

Kasa Mzee

Huyo huyo alinibana kwenye uchochoro, mimi nimebeba unga kichwani, hapiti wala harudi. Tulisimama hapo mpaka adhana.

Kishwara

Mimi nasema miguu, nyinyi mnasema punda.

Msabaki

Afadhali punda, haazimi makasia.

Upepo wa Kusi

Na si ndoo tu. Leo asubuhi nimetandaza leso mpya, pea nzima, hata sijaikata wala kuipinda, nakwenda kuchukua kibanio narudi namkuta anatafuna. Nikavuta, akavuta. Jina lote, yale maandishi ya leso, amelila yeye, mimi nimebaki na pindo. Na mwenyewe amekuja mbio ananidai mimi, ati nimemtishia punda wake hataki tena kubeba mawe.