Ruta ya 5G, ya 4G au nisubiri mkongo? Nafungua steshenari Mtwara

Steshenari_Kusini
Wakuu, habari za jioni. Nafungua steshenari mwezi ujao. Fremu nimeshalipia, kompyuta ziko njiani kutoka Dar, kilichobaki ni intaneti tu. Kuna kijana wa mauzo ananishawishi nichukue ruta ya 5G ya kulipia kila mwezi, anasema 4G inaondoka. Jirani yangu anasema 4G inatosha, pesa itakayobaki niongezee kwenye mashine ya kutoa kopi. Fundi wa kompyuta naye anasema hayo yote niyaache, nisubiri mkongo, yaani intaneti ya waya wa faiba. Ninyi mngechukua ipi? Mtwara kuchele, nisaidieni.

Bi_Shangani
Mkuu, Mtwara ipi? Mtwara ni mkoa. Uko Ligula, Mikindani, Masasi, Newala? Kompyuta ngapi? Wateja wako watafanya nini humo ndani, na bajeti yako kwa mwezi ikoje? Bila hayo kila mtu atakujibia mtaa wake.

Kijana_Chikongola
5G tu, usipoteze muda. Nikienda Dar kwa kaka yangu natumia 5G, unabonyeza na faili limeshuka. Korea Kusini walianza kuitumia Aprili 2019, huku kwetu Vodacom walizindua Septemba 2022. Sisi kusini tusikubali kila siku kuwa watu wa kusubiri. Ukinunua 4G leo unanunua kitu cha jana.

Fundi_Minara
Mtoa mada, kabla hujasaini chochote, mwambie huyo kijana wa mauzo akueleze 5G anayokuuzia imeegemea nini. Viwango vya kwanza ambavyo 3GPP, umoja unaoandika viwango vya mitandao ya simu, walivikamilisha Desemba 2017 viliruhusu 5G ifanye kazi juu ya mitambo ya 4G: kifaa kinajisajili kwanza kwenye 4G, halafu 5G inaongezwa ili kubeba data. Ile inayojitegemea, yenye mitambo yake mipya huko ndani, ilikamilika Juni 2018, Toleo la 15 hilohilo. Kampuni nyingi duniani zilianza na hiyo ya kuegemea kwa sababu gharama yake ni ndogo. Kwa mtandao wa namna hiyo, 4G ikizimwa na 5G inakufa. Kwa hiyo habari ya kwamba 4G inaondoka kesho si ya kweli.

Jambo la pili, watu wanaichukulia 5G kuwa ni spidi basi. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, walipoandika masharti yake, wakayaita IMT-2020, walilenga mambo matatu. Kwanza data nyingi, kilele cha gigabiti 20 kwa sekunde. Pili ucheleweshaji mdogo, milisekunde 1, kwa kazi nyeti kama mitambo ya viwandani. Tatu vifaa vidogo vingi kwa pamoja, milioni 1 ndani ya kilomita moja ya mraba. Steshenari inahitaji hilo la kwanza, tena kipande kidogo sana cha hizo gigabiti 20. Mengine hayo unayalipia bila kuyagusa.

Jibu maswali ya Bi Shangani kwanza.

Steshenari_Kusini
Samahani wakuu, nilikuwa safarini. Niko Nanyamba, si mbali na stendi. Kompyuta sita. Kazi kubwa ni maombi ya mikopo ya elimu ya juu, maombi ya ajira, kuchapa na kutoa kopi. Pia kuna AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) mbili wameniomba niwe nawaskania nyaraka na kuzituma msimu wa korosho ukianza, maana minada siku hizi iko kwenye mfumo wa TMX, lile soko la bidhaa, na kila kitu ni cha kutuma. Na nataka kamera za ulinzi nne ambazo nitaziangalia nikiwa nyumbani Mtwara mjini.

Bi_Shangani
Nanyamba! Na ungekaa kimya tungekuwa tunakushauri mambo ya Shangani hadi kesho.

Fundi_Minara
Hapo swali limebadilika lote. Ngoja nieleze kwa nini.

TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipofanya mnada wa masafa ya redio Oktoba 2022 waliuza ya 700, 2300, 2600 na 3500 MHz. Haya hayafanani tabia. Ya 700 yanakwenda mbali na yanapenya kuta, lakini ni membamba, hayabebi mzigo mkubwa. Ya 3500 ni mapana: chaneli moja ya 4G haizidi MHz 20, wakati ya 5G kwenye masafa haya ya kati inaweza kufika MHz 100. Spidi wanayoipiga picha ya matangazo inatoka humo. Ila ukiongeza masafa unapunguza umbali. Mwembe mkubwa, ukuta wa tofali, bati, vyote vinakula wimbi la 3500 kuliko la 700.

Waliobuni 5G waliliona tatizo hilo, wakalijibu kwa antena. Paneli moja mnarani inakuwa na vipitishio 64 vya kurusha na 64 vya kupokea, na mtambo unapanga mawimbi yake yajumlike upande aliko mteja, kama mtu anayemmulika kwa tochi badala ya kuwasha taa ya uwanja mzima. Ni kazi nzuri sana ya kihandisi. Lakini paneli hiyo ni ghali na inakula umeme, kwa hiyo kampuni inaifunga kwanza penye watu wengi. Simama ndani ya fremu yako na simu ya 5G, uone alama. Nje ya fremu hapana, ndani.

Studio_Lindi
Naomba nieleze yaliyonikuta, yatamsaidia mtoa mada kwa sababu na yeye ni mtu wa kutuma.

Nina studio ya picha na video za harusi hapa Lindi mjini. Walinijia watu wa kampuni moja wakiwa na ruta ya 5G, wakaiwasha mezani kwangu, wakapima. Kushusha ilipita Mbps (megabiti kwa sekunde) 200. Nilifurahi, nikasaini mkataba wa mwaka. Hakuna aliyepima kupakia, na kazi yangu mimi ni kupakia! Video ya harusi iliyohaririwa ni faili kubwa, mteja yuko Dar au Muscat, anaisubiri. Siku ya kwanza natuma, naona mstari unasogea kwa kujikongoja. Napima: kushusha bado iko juu, kupakia haifiki hata 8. Jioni watu wakirudi nyumbani inashuka zaidi.

Nikaanza kuichunguza ile ruta. Fremu yangu ina mlango wa bati. Mchana mlango uko wazi, taa ya ruta ni ya bluu. Jioni nikiuvuta nifanye kazi kwa utulivu, taa inageuka kijani, maana yake imerudi 4G. Nikaufungua, bluu. Nikaufunga, kijani. Yule aliyenifungia aliiweka ruta nyuma ya kaunta kwa sababu soketi ya umeme iko huko, basi.

Halafu katikati ya mwezi spidi ikaanguka kabisa, hata barua pepe ni shida. Kumbe kifurushi «kisicho na kikomo» kina kikomo: ukipita kiasi fulani cha data wanakupunguza kasi hadi mwezi uishe. Kwenye karatasi ya matangazo hakimo, kwenye mkataba kimo kwa maandishi ya sisimizi. Nilikwenda ofisini kwao kudai, wakanijibu nimesaini. Harusi mbili nilizituma kwa kumpa kondakta wa basi diski, na mteja mmoja hakurudi tena. Mpaka leo nikikumbuka naumia.

Mtoa mada: soma mkataba wote, na pima KUPAKIA.

Fundi_Minara
Pole sana kaka. Kilichokupata kina sababu ya kiufundi pia. Kwenye masafa ya kati, kushusha na kupakia hutumia njia moja kwa kupokezana muda, na sehemu kubwa ya muda hupewa kushusha kwa sababu wateja wengi ni watazamaji. Pia kifaa chako kinarusha kwa nguvu ya kama wati 0.2 wakati mnara una mara mamia ya hiyo. Wewe unausikia mnara vizuri, wenyewe unakusikia kwa shida. Ndiyo maana pembezoni mwa mnara kupakia hufa kwanza. Mtu wa kamera nne za kutazama akiwa mbali naye ni mpakiaji, tena wa saa zote.

Duka_la_Simu_Masasi
Naongezea, kuweni macho na stika. Wateja wengi wananiletea ruta imeandikwa 5G kubwa pembeni, ukiifungua ni Wi-Fi ya GHz 5. Hiyo ni redio ya kutoka ruta hadi kwenye kompyuta yako, haihusiani na mnara kabisa, kuna hata ruta za mkongo zenye maandishi hayo. Wauzaji wengine wanajua na wanakaa kimya. Na zile zilizotumika za kutoka Marekani au Ulaya, uliza kama imefunguliwa laini na inashika masafa yanayotumika hapa. Nyingine zimefungwa kwa kampuni ya huko.

Kijana_Chikongola
Bado nasema tusirudi nyuma. Teknolojia ya Wachina hiyo, bei itashuka tu.

Mwalimu_Fizikia_Newala
Ya Wachina peke yao si kweli, mdogo wangu. Chukua jambo moja tu, namna ya kusahihisha makosa ya data inapopita hewani. 5G inatumia mbinu mbili. Ya kubeba data yenyewe ni LDPC, aliyoibuni Mmarekani Robert Gallager akiwa mwanafunzi wa udaktari MIT mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikalala kwa miongo kwa sababu kompyuta za wakati huo hazikuiweza. Ya kubeba amri za mtandao ni ya Mturuki, profesa Erdal Arıkan, aliyeichapisha 2009 akiwa Chuo Kikuu cha Bilkent. Huawei waliipigania sana hiyo ya Arıkan, wenzao wakaipigania ya Gallager, na mwaka 2016 wakagawana. Huwa nawaambia wanafunzi wangu habari hii. Hesabu ya mtu mmoja mezani kwake Ankara leo iko ndani ya kila simu ya 5G, hata ile ya dukani kwa mwenzetu wa Masasi. Mtoto wa Newala asijione yuko mbali.

Kijana_Chikongola
Hilo sikulijua mwalimu. Lakini aliyeziunda kwa wingi na kuziuza ni Mchina, kubali.

Mkongo_Kwanza
Mnazunguka mbali. Jibu ni mkongo. Hauna mambo ya mlango wa bati, kupakia na kushusha mara nyingi ni sawa, hauchoki jioni. Asubiri.

Bi_Shangani
Asubiri mpaka lini kaka? Dirisha la mikopo halimsubiri. Na mkongo nao unakatwa, katapila likichimba mtaro limeondoka nao. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika nchi nzima tuliyumba, mwenye mkongo, mwenye 4G, mwenye 5G, wote. Mnara nao umeunganishwa na kitu huko nyuma, hauning'inii hewani.

Fundi_Minara
Dada umegusa penyewe. Nanyamba uliza mnara unaokuhudumia umeungwa kwa mkongo au kwa masahani ya mawimbi. Paneli ya 5G ikifungwa kwenye mnara wenye njia nyembamba ya nyuma, hupati chochote cha zaidi. Afadhali 4G ya mnara ulioungwa vizuri.

Babu_Mikorosho
Vijana, mimi nauliza jingine. Hapa kwetu Tandahimba wamesimamisha mnara mpya karibu na shamba langu. Msimu uliofuata maua ya mikorosho yakawa meusi, yakaanguka. Majirani wanasema ni mionzi ya hizo 5G. Ni kweli?

Kijana_Chikongola
Shikamoo babu. Mimi nimesikia hivyohivyo, hata Uingereza 2020 watu walichoma minara.

Mwalimu_Fizikia_Newala
Waliichoma kwa uvumi wa korona, na minara haikuhusika. Babu, shikamoo. Mawimbi ya redio, yawe ya 700 au 3500, hayana nishati ya kuvunja chembechembe za mmea. Ni jamaa ya mawimbi ya redio na televisheni tuliyoishi nayo miaka yote. Na mnara wako huenda hata 5G hauna.

Binti_Naliendele
Babu, shikamoo. Kabla ya kuanguka hayo maua, yalikuwa na unga mweupe kama wa muhogo? Kama ndiyo, huo ni ubwiriunga. Ni ugonjwa wa kuvu, unapenda miezi ya baridi na umande, Juni hadi Agosti, wakati mikorosho inachanua. Mnara hauna hatia. Ulipuliza salfa mwaka huo?

Babu_Mikorosho
Marahaba. Unga ulikuwepo. Salfa ilichelewa kutufikia, nilipuliza mara moja tu, tena maua yameshatoka.

Binti_Naliendele
Basi ni hapo. Salfa huanza maua yakichomoza na kurudiwa. Pitia TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, ukija mjini, wanapokea wakulima. Na upogoe matawi ya ndani, hewa ipite.

Steshenari_Kusini
Nashukuru wote. Nimekwenda kwenye fremu na simu ya shemeji yenye 5G: ndani inakaa 4G muda wote, nje karibu na barabara nayo 4G. Kupakia asubuhi Mbps 11, jioni 6. Yule kijana wa mauzo nimempigia, anasema 5G «inakuja karibuni» na nichukue ruta sasa ili isinikute sina. Bei ya ruta yao ni karibu mara tatu ya ile ya 4G.

Mkongo_Kwanza
Usichukue. Subiri mkongo.

Duka_la_Simu_Masasi
Chukua 4G yenye tundu la antena ya nje, uipandishe juu ya bati, na laini mbili za kampuni tofauti. Kamera zirekodi kwenye diski hapohapo dukani, nyumbani utazame ukihitaji tu. Mkongo ukifika utabadilisha.

Kijana_Chikongola
Na 5G ikifika mwezi ujao?

Fundi_Minara
Ikifika ataipima ndani ya fremu, mlango ukiwa umefungwa. Mtoa mada, umeme je? Ukikatika una inveta? Maana ruta ya 5G inakula zaidi ya 4G, na sijaona ukilitaja hilo.

Steshenari_Kusini
Inveta bado. Hiyo nayo naomba ushauri, betri ya maji au lithiamu?

Babu_Mikorosho
Binti wa Naliendele, salfa ya unga na ile dawa ya maji ipi inafaa kwa mikorosho ya zamani, mirefu?